Kijana anatumia dawa za akili na anaongezeka kilo kila mwezi: fanya hivi (tuliyopitia sisi Ujiji)

Mi ni fundi cherehani hapa Ujiji, Kigoma, sio daktari, naanza na hilo mtu asije akanisoma akadhani nimekuja kumwandikia dozi. Ila mdogo wangu wa kiume anatumia dawa za akili tangu ana miaka 16, na mimi ndo namsindikiza kliniki, ndo namkumbusha vidonge, ndo nimeshona suruali zake zote za shule, kwahiyo kilo zake nimeziona zikipita mkononi mwangu kabla mizani haijasema chochote. Haya ninayoandika ni mchanganyiko wa tuliyoelezwa na madaktari, tuliyosoma, na tuliyokosea wenyewe, tena tuliyokosea ndo mengi. Nimeyapanga kwa hatua lakini kuna hatua ndefu na kuna ya mistari miwili, mtanisamehe.

Hatua ya 1: Hakikisha dawa inamezwa kweli

Mwezi wa tatu wa matibabu aliniletea suruali ya shule, akasimama mlangoni, "Dada nipanulie." Ilikuwa mara ya pili kwa suruali hiyohiyo. Nikafumua mshono wa nyuma, nikaigeuza ndani nje ili nione nguo iliyobaki kwenye upindo, kutoka kwenye kimfuko kile kidogo cha mbele vikadondoka vidonge vinne. Vimelainika, kimoja kimeshika pamba ya mfuko kimekuwa kama kishungi. Yaani alikuwa anaweka kidonge mdomoni mbele ya mama, anakunywa maji, anafungua mdomo aonekane kameza, halafu anatoka uani anakitema. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu tangu lini, akasema wiki ya pili sasa, darasani wananiita Gunia.

Nimeanza na hapa makusudi kwasababu kijana hatokuja kukwambia "naomba tujadili uzito wangu", yeye ataacha dawa kimyakimya, na dawa hizi ukiziacha ghafla ugonjwa unarudi, mara nyingi umerudi na hasira kuliko mwanzo. Zile ambazo ni za kifafa pia, kama valproeti, ukikata ghafla anaweza kupata degedege hata kama hajawahi. Kwahiyo neno la kwanza kumwambia liwe hili: uzito tutaushughulikia na tutausemea kliniki, wewe meza. Na umuahidi kwamba akiruka dozi akasema ukweli hagombezwi, alafu utimize, maana ukimgombeza siku moja tu hutosikia tena ukweli.

Sisi tulirudi kliniki kesho yake, hatukusubiri tarehe. Ukigundua kijana ameacha siku kadhaa usimrudishie dozi nzima kwa akili zako, kuna dawa inabidi ianzwe upya kidogokidogo, klozapini hasa. Uliza kwanza.

Hatua ya 2: Elewa hiyo njaa inatoka wapi

Nyumbani tulidhani ni ulafi. Bibi akasema huyu mtoto amefungwa tumbo, mara ana minyoo, akanyweshwa dawa ya minyoo mara mbili. Kumbe kidonge chenyewe kinagusa zile sehemu za ubongo zinazomwambia mtu ameshiba, zinanyamaza, mtu anakula sahani nzima na bado anahisi kama hajala. Juu ya hapo dawa inaleta usingizi, analala sana, anatembea kidogo, na mwili wenyewe unakuwa mzito kutumia sukari. Njaa yake ni ya kweli kabisa, kama ya mtu aliyetoka kulima. Ukishaelewa hivyo hata maneno yako yanabadilika.

Dawa hazilingani. Zinazoongeza uzito sana ni olanzapini na klozapini. Za katikati ni risperidoni, kwetiapini na ile kloropromazini ya siku nyingi, pia valproeti, lithiamu na amitriptilini. Haloperidoli, aripiprazoli na fluoksetini haziongezi sana. (Kwenye boksi nyingi zinaandikwa mwisho kwa herufi za kizungu, olanzapine na kadhalika, usichanganyikiwe, ni hizohizo.) Sasa usikimbie kusema basi abadilishiwe haloperidoli, hiyo nayo ina mambo yake, kukakamaa, kutetemeka, kutotulia miguu. Daktari alituambia dawa nzuri ni ile inayomfanya kijana arudi kuwa yeye, na mengine tunayapunguza.

Na vijana wadogo ambao ndo mara yao ya kwanza kutumia dawa hizi wananenepa haraka kuliko watu wazima. Miezi mitatu minne ya kwanza ndo kilo zinaingia kwa kasi.

Hatua ya 3: Pima mapema, wakati watu bado wanasifia

Hapa ndo pagumu kwetu. Kijana kabla ya matibabu alikuwa hali, halali, mifupa imetoka, sasa kaanza dawa mashavu yamejaa. Mama akawa anamshika shavu kila mgeni akija, "Mwanangu amenawiri, alhamdulillah." Majirani nao, umependeza, sasa umepona. Nani atasema huyu apimwe kilo? Mi mwenyewe suruali ya kwanza niliipanua nikiimba. Na ni kweli, kilo kadhaa za mwanzo zinaweza kuwa ni zile alizopoteza akiumwa, zinarudi nyumbani. Lakini bila namba hutojua mwisho wa kurudi ni wapi na mwanzo wa kupitiliza ni wapi.

Kwahiyo siku anayoanza dawa, au leo kama alishaanza, andika kwenye daftari: tarehe, kilo, urefu, kiuno. Wiki 6 za kwanza pima kila wiki, baada ya hapo kila mwezi inatosha. Mizani iwe ileile, asubuhi, nguo nyepesi, bila viatu. Kama huna mizani nyumbani nenda duka la dawa lenye mizani au kwa wale vijana wanaopimisha watu sokoni, hela kidogo tu. Kuna mzee mmoja alinishauri tumpimishe kwenye mizani ya magunia, nikasema hapana, mtoto anaitwa Gunia darasani alafu nimpandishe kwenye mizani ya magunia?

Kiuno ndo kazi yangu hiyo. Watu wengi wanapima pale mkanda unapokaa, sio pale. Shika ubavu wa mwisho chini, shika mfupa wa nyonga juu, katikati ya hapo ndo tepu inapita, usawa mzima mbele na nyuma, mwambie apumue atoe pumzi kawaida asibane tumbo, tepu iguse ngozi bila kukaba. Kanuni rahisi: kiuno kisifike nusu ya urefu wake. Urefu inchi 66, basi kiuno kiwe chini ya inchi 33. Ukitumia sentimita ni hivyohivyo. Hii inafaa kwa wanaume na wanawake, watoto na wakubwa, na haihitaji chati.

Kwa kilo angalia hivi: kama ameanza na kilo 50, akiongezeka kilo 2 na nusu ndani ya mwezi wa kwanza, hiyo ni asilimia 5, ni kengele kwamba huyu anaelekea kuongezeka sana, semea mapema. Akifika kilo 3 na nusu, asilimia 7, hapo sio suala la kusubiri tena. Ila kama ni mtoto wa miaka 12 au 13 anayerefuka, lazima kilo ziongezeke, kwahiyo pima na urefu kila miezi mitatu, kliniki wana chati ya umri wanakuangalizia.

Kliniki tuliyokuwa tunaenda mwanzoni mizani ilikuwa imeharibika, miezi miwili hakupimwa hata mara moja, tunaandikiwa dawa tunaondoka, na mi sikuuliza kwasababu nilidhani ndo utaratibu. Uliza.

Hatua ya 4: Anza na vya kunywa

Kama una nguvu ya kubadilisha kitu kimoja tu nyumbani, kiwe hiki. Mdogo wangu alikuwa anakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vinne vya sukari, hapo vijiko 12. Ongeza soda moja ya kutoka shule, soda ya kawaida ina sukari kama vijiko vya chai nane au zaidi. Unafika 20 au kuvuka na hajala kitu. Dawa nyingine zinakausha mdomo, lithiamu inaleta kiu, na kiu ya kijana wa siku hizi inatulizwa na soda au enaji.

Hatukukata sukari siku moja, tulipunguza nusu kijiko kila wiki kwa nyumba nzima bila kutangaza. Baba alilalamika wiki ya pili kwamba sukari ya siku hizi haina nguvu, tukanyamaza. Sasa tuko kijiko kimoja. Tangawizi na mchaichai vinasaidia, chai ikiwa na harufu ulimi haudai sana. Mkononi anatembea na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe. Juisi za kopo ni soda iliyovaa kanzu, na ya miwa pia, hata kama inakamuliwa unaona.

Hatua ya 5: Chungu cha nyumba nzima, sio sahani ya mgonjwa

Sisi huku tunakula ugali wa muhogo, na ugali wa muhogo ni mtamu lakini ni wanga mtupu karibu wote, unajaza alafu baada ya masaa machache mtu mwenye njaa ya kidonge anatafuta tena. Kinachomshikilia ni maharage, samaki, mboga nyingi. Tuna bahati, Ziwa Tanganyika liko hapo. Dagaa wa Kigoma ni protini safi, samaki mgebuka wa kuchemsha na nyanya na limao ni safi zaidi ya mgebuka uliokaangwa ukaelea. Ziwa likifungwa, yaani uvuvi ukisimamishwa, na dagaa wakapanda bei maharage yanabeba nyumba.

Tatizo la kwanza ni sinia. Tukila pamoja kwenye sinia moja hakuna anayejua kala kiasi gani, na kijana mwenye njaa hii anamaliza upande wake anahamia wa mwenzie. Mama alipoanza kumpakulia sahani yake peke yake akaikataa, akasema mnanitenga kama mwenye TB. Tulichofanya ni kila mtu sahani yake, mpaka baba. Nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo samaki au maharage. Ugali wake ni kama ngumi yake moja na nusu hivi, akitaka kuongeza anaongeza mboga na maharage kwanza, alafu tunasubiri dakika 20 kabla ya ugali wa pili. Mara nyingi dakika 20 zikiisha ameshaenda kuangalia simu.

Tatizo la pili ni mawese. Jamani, sisemi tuache mawese, nitafukuzwa Kigoma. Mawese yana vitamini A na sombe (kisamvu) bila mawese ni adhabu. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese yawe alizeti, kina kalori kama 120, na sisi tulikuwa tunamimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja, macho ndo kipimo. Nikaleta kijiko, nikakifunga kamba nikakining'iniza kwenye dumu. Vijiko vitatu kwa sufuria ya watu sita. Mama alikasirika siku mbili, ya tatu akaanza kukitumia, sasa hivi mtu akimimina kwa macho yeye ndo anapiga kelele.

Maandazi na chapati za asubuhi tumezifanya za siku mbili kwa wiki, siku zingine ni viazi vitamu vya kuchemsha, au uji wa ulezi bila sukari nyingi, au muhogo wa kuchemsha na karanga kidogo. Yai la kuchemsha asubuhi linamfikisha saa sita. Chipsi mayai sikukataza, ni Jumamosi, anaijua anaisubiri. Matunda ale yenyewe, papai, embe moja, ndizi, asiyakamue.

Hatua ya 6: Njaa ya usiku

Hii ina hatua yake kwasababu ndo ilitushinda. Olanzapini anameza usiku, usingizi ukichelewa njaa inakuja kama mwizi, saa tano, saa sita. Kosa langu: nilifunga jiko kufuli. Wiki mbili baadaye mama mmoja jirani anayeuza chapati akanijia na daftari lake la madeni, jina la mdogo wangu limejaa ukurasa. Alikuwa anatoka dirishani. Sio tu kwamba kilo zilizidi, tulianza kuwa maadui.

Tulipotoa kufuli tukafanya hivi. Chakula cha usiku saa mbili kasoro, sio saa moja mapema akakaa masaa mengi wala sio saa nne. Akimaliza anapiga mswaki, inasaidia kuliko unavyofikiri. Dawa ile saa aliyopangiwa na daktari, alafu kitandani, simu inalala sebuleni. Na tunaacha kitu makusudi kwenye bakuli lenye mfuniko: tango, papai lililokatwa, hindi la kuchemsha, karanga za kiganja kimoja. Akiamka ale hicho, ruksa, bila kujificha. Vile vya hatari, biskuti, mikate, havilali ndani ya nyumba, tunanunua vya siku hiyo vinaisha siku hiyo.

Saa ya kumeza dawa usibadilishe mwenyewe. Ila unaweza kumuuliza daktari kama inaweza kusogezwa ili usingizi uwahi njaa.

Na kama nyumba yenu mnafunga Ramadhani kama sisi, ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mwenye lithiamu akikaa siku nzima bila maji dawa inaweza kuzidi kwenye damu mpaka kufikia sumu, huyo asifunge kwa kujiamulia. Kwa wengine shida ni futari, mtu kashinda na njaa alafu kuna tambi za sukari, kalimati, magimbi ya nazi, uji, vyote mezani. Tende na maji, swala, alafu arudi ale mlo mmoja wa kawaida.

Hatua ya 7: Mwili utembee, lakini kwa akili

Kijana kati ya miaka 5 na 17 anatakiwa apate kama dakika 60 za kujishughulisha kila siku, mkubwa zaidi angalau dakika 150 kwa wiki. Usimwambie "nenda mazoezi", mtu amelewa usingizi wa dawa hawezi kuamka kukimbia peke yake. Mpe kazi yenye sababu. Mdogo wangu anapeleka nguo za wateja wangu kwa miguu, hela ya bodaboda anabaki nayo yeye. Jioni ni mpira. Wiki ya kwanza alikuwa golini tu anahema, kocha wa mtaani hakumlazimisha.

Chunga mambo matatu. Jua: kloropromazini inafanya ngozi iungue haraka na mwili usipoe vizuri, kwahiyo asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kofia, maji. Jasho: mwenye lithiamu akitoka jasho jingi anywe maji vya kutosha, na asiache chumvi ghafla kwa kusikia watu wanasema chumvi mbaya, na maumivu ya misuli asimeze diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza kwasababu zinapandisha lithiamu. Na ziwa: kijana mwenye usingizi wa dawa au historia ya degedege asiogelee peke yake, hata kama amezaliwa Kibirizi pale ufukweni na anaogelea kama samaki.

Hatua ya 8: Kliniki sema namba, usiseme "ameongezeka ongezeka"

Tulivyokuwa tunasema "daktari huyu ananenepa" tulijibiwa "apunguze kula", kwisha. Siku niliyokwenda na daftari nikasema ameanza na kilo 54, wiki ya sita 59, leo 63, kiuno kimetoka inchi 28 mpaka 33, daktari akaweka kalamu chini akanigeukia.

Vitu vya kuomba: presha, sukari ya asubuhi kabla hajala, na mafuta ya damu kama kipimo kipo. Kabla ya kuanza dawa, baada ya miezi 3, alafu kwa vijana wadogo kila miezi 6, wakubwa angalau mara moja kwa mwaka. Sukari ya asubuhi ikisoma 7.0 au zaidi hiyo inarudiwa haraka. Siku ya kupima asinywe hata chai, maji tu.

Maswali ya kuuliza: je dozi hii ndo ndogo inayotosha? Kuna dawa nyingine ya kubadilisha na kama ipo inapatikana hapa Kigoma kila mwezi au itaisha tuanze kuhangaika? (Hili ni muhimu, kubadilishiwa dawa nzuri isiyopatikana ni mtego.) Kubadilisha kunafanywa taratibu, moja inashuka nyingine inapanda, na anaangaliwa kwa karibu dalili zisirudi. Na kuna metformini. Ni dawa ya kisukari lakini madaktari wanaitumia pia kwa watu wanaonenepa kwa dawa za akili, kwa wastani inasaidia kama kilo 3 hivi, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema kuliko ukisubiri kilo 20. Inaanzwa kidogo, pamoja na chakula, mwanzoni inachafua tumbo, kuhara, kichefuchefu, alafu inatulia. Figo zinaangaliwa kwanza.

Bibi yetu ana kisukari na ana metformini yake kabatini, na nakiri nilisimama mbele ya kile kikopo nikafikiria. Usifanye. Mpaka daktari aseme. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye magrupu nazo hapana, nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji, na mwenye lithiamu unamtafutia balaa.

Msichana ana ya kwake ya kuuliza: hedhi imekata au imevurugika? Risperidoni inaweza kufanya hivyo, na hata kutoa maziwa kidogo, na wavulana kuota matiti, wanaona aibu hawasemi. Valproeti kwa msichana ni suala zito kwasababu inadhuru mtoto tumboni, lazima azungumze na daktari kuhusu uzazi wa mpango au dawa nyingine, hata kama unaona ni mdogo. Mwache dakika tano na nesi bila wewe ndani.

Hatua ya 9: Maneno ya nyumbani

Acheni kumwita bonge, hata kwa mapenzi. Wageni tumewakataza kusema kilo zake, za kusifia na za kukebehi. Tukiongea tunaongea "suruali inakaaje", "jana ulilala vizuri", sio "umekula tena?" Kupima anapima mwenyewe, daftari ni lake, mi naliona akitaka. Ukimuona anaruka milo siku nzima alafu anafakamia usiku, au anajitapisha chooni, hiyo ni shida nyingine, ipeleke kliniki ilivyo.

Hatua ya 10: Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya

Kiu isiyoisha na kukojoa mara nyingi usiku, sisimizi wanakusanyika alipokojoa, kilo zinashuka ghafla zenyewe wakati anakula sana. Msishangilie, hiyo inaweza kuwa sukari imepanda. Kama pamoja na hayo anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa nguvu au amelegea, ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo. Mwenye lithiamu akianza kutetemeka sana, kuyumba, kuharisha, ulimi mzito, naye hivyohivyo. Mwenye klozapini akikaa siku tatu bila choo, au tumbo limejaa na linauma, usimpe papai ukangoja.

Hatua ya 11: Nguo

Najua wataalamu hawaandiki hili. Suruali inayobana inamkumbusha kijana kila anapokaa, kila anapoinama, na ndo inayompeleka kutema kidonge kuliko mizani. Usimwambie "ukipungua nitakushonea". Mshonee sasa, ya mwili alionao leo. Mwambie fundi aache inchi mbili za nguo kwenye mshono wa nyuma, kuanzia kiunoni mpaka makalioni, asizikate, na kiuno akikate vipande viwili vinavyokutana nyuma ili kifunguke bila kufumua suruali nzima. Lastiki pembeni kidogo, ndani, isionekane. Ya mdogo wangu niliipanua mara tatu. Mwezi uliopita kanirudishia, kaitupa kwenye cherehani bila salamu, kilo 60, kiuno 31 na nusu kwenye daftari lake, anataka ibanwe ila sio sana.